Mbina za Usukumani na Opera ya Kichina: Kuiita Sanaa kwa Jina Lake



1. Utangulizi

Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu. Naomba nianze kwa kuungama kosa. Katika miaka ya 1990, nikiwa mwanafunzi wa sekondari mkoani Shinyanga, niliulizwa katika mtihani nieleze asili ya tamthilia katika Afrika Mashariki. Nilijibu kama tulivyofundishwa: kwamba tamthilia ililetwa na wakoloni, na kwamba kabla yao watu wetu walikuwa na ngoma tu. Nikapewa alama zote.

Kiangazi cha mwaka uleule nilisimama katika uwanja wenye vumbi karibu na Kahama, katikati ya makundi mawili yaliyokuwa yakishindana. Kila upande ulikuwa na mtunzi wake, waitikiaji wake, wapiga ngoma wake na wachezaji waliorusha majembe hewani na kuyadaka bila kuyatazama. Umati ulikuwa ukihama kutoka upande mmoja hadi mwingine kama maji katika sinia. Sikukumbuka hata kidogo jibu langu la mtihani. Nilikuwa nikitazama ngoma tu.

Usiku, katika mji huohuo, tulilipa senti chache kuingia katika kibanda cha video. Huko tulitazama filamu za Hong Kong, huku msimulizi akitufasiria kwa Kiswahili chenye chumvi nyingi. Shujaa wetu alikuwa Jackie Chan. Hatukujua kwamba yeye, pamoja na Sammo Hung na Yuen Biao, walilelewa tangu utotoni katika shule ya opera ya Kibeijing iliyokuwa Hong Kong, na kwamba miruko iliyotutoa pumzi ilikuwa masomo ya jukwaa la kale. Mchana tulitazama sanaa moja, usiku tukatazama tawi la sanaa nyingine, na hapakuwa na mtu wa kutuambia kwamba zinafanana.

Katika mhadhara huu nakusudia kuzitazama sanaa hizo mbili pamoja. Hoja yangu ya msingi ni kwamba mbina za Usukumani, kama ilivyo opera ya Kichina, ni sanaa kamili ya maonyesho ambamo wimbo, mwili na hadhira havitenganishwi. Kinachotupungukia ni istilahi za kuijadili kwa Kiswahili. Sanaa isiyo na istilahi haifundishiki, haihakikiki, na mwishowe hubaki ikichezwa kwa dakika tano tu mbele ya wageni.

2. Opera ya Kichina: historia na muundo

Tuanze na jina. Wachina hawasemi "opera". Neno lao ni *xiqu*, lenye sehemu mbili: *xi*, yaani mchezo, na *qu*, yaani wimbo au tuni. "Opera" ni jina la kupewa. Wazungu waliwasikia watu wakiimba jukwaani, wakakumbuka majumba ya opera ya kwao, wakaliazima neno. Jina hilo lilizingatia sikio likalisahau jicho, kwa kuwa mwigizaji wa *xiqu* haimbi tu: hunena, huigiza kwa viungo, hupigana na kupinduka. Mwanazuoni Wang Guowei, aliyeweka msingi wa utafiti wa historia ya sanaa hii mwanzoni mwa karne ya 20, aliieleza kuwa ni utendaji wa kisa kwa wimbo na uchezaji. Maelezo yake ni mafupi, lakini yaliwapa wenzake mahali pa kuanzia.

Historia yake ni ndefu. Mfalme Xuanzong wa enzi ya Tang, aliyetawala kuanzia mwaka 712 hadi 756, alianzisha chuo cha wanamuziki katika kasri lake kilichoitwa Bustani ya Mapea, na mpaka leo waigizaji wa China huitwa wana wa bustani hiyo. Katika enzi ya Yuan (1271–1368), Wamongolia walipoitawala China, mitihani ya kuingia utumishi wa dola ilisimamishwa kwa miaka mingi, na baadhi ya wasomi wakaelekeza kalamu zao kwenye jukwaa. Ndipo Guan Hanqing alipoandika kisa cha Dou E, mjane kijana anayeuawa kwa hukumu ya uongo. Kabla ya kufa anatabiri kwamba theluji itaanguka katikati ya kiangazi, na theluji inaanguka. Mbingu inatoa ushahidi ambao mahakama iliukataa.

Katika karne ya 16 ukashamiri mtindo wa *kunqu*, uliotoka Kunshan karibu na Suzhou. Mtunzi wake mashuhuri, Tang Xianzu, alikamilisha tamthilia ya Banda la Peoni mwaka 1598 na kufariki mwaka 1616, mwaka uleule aliofariki Shakespeare. Msomaji wa Kiswahili anamjua Shakespeare, maana Mwalimu Nyerere alitufasiria Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tang Xianzu hatumjui. Mwaka 1790 vikundi kutoka Anhui vilikwenda Beijing katika sherehe za mfalme Qianlong kutimiza miaka 80. Tuni zao zilichanganyika na tuni za Hubei, na katika karne ya 19 mchanganyiko huo ukazaa *jingju*, yaani opera ya Kibeijing. Hii ni moja tu kati ya aina zaidi ya 300 za *xiqu*, kila moja ikiwa na lahaja na tuni za eneo lake.

Kuhusu muundo, mambo matatu yanatuhusu leo. La kwanza ni kwamba kila kitu kina jina. Wahusika wamegawanywa katika mafungu manne: *sheng*, wanaume, *dan*, wanawake, *jing*, wenye nyuso zilizopakwa rangi, na *chou*, wachekeshaji. Stadi nazo ni nne: *chang*, kuimba; *nian*, kunena; *zuo*, kuigiza kwa viungo; na *da*, mapigano na sarakasi. Mtoto anapoanza mafunzo hujua anajifunza nini, na mtazamaji anapolalamika hujua analalamikia nini.

La pili ni ufupisho. Jukwaa la jadi lina meza moja na viti viwili. Meza yaweza kuwa mlima, kiti chaweza kuwa mlango wa gereza. Mwenye mjeledi mkononi amepanda farasi, mwenye kasia yumo mashuani, na anayezunguka jukwaa mara moja amesafiri safari ya siku nyingi. Uso mwekundu ni wa mtu mwaminifu, kama jemadari Guan Yu. Mweusi ni wa mnyofu asiyependelea, kama hakimu Bao. Mweupe ni wa mjanja mwenye hila, kama Cao Cao.

La tatu ni hadhira. Mjuzi wa Beijing wa zamani alisema kwamba anakwenda "kusikiliza" mchezo. Kisa alikuwa akikijua tangu utotoni. Alikwenda kupima namna kinavyotendwa. Mwigizaji alipoifikisha sauti mahali pagumu, ukumbi ulimjibu papo hapo kwa ukelele wa "hao!", yaani vema. Hadhira ilikuwa mhakiki aliyemo ndani ya utendaji wenyewe.

3. Mbina: historia na muundo

Sasa tuje nyumbani. Katika Kiswahili neno "ngoma" linabeba mzigo mkubwa: ni chombo, ni uchezaji, ni sherehe nzima. Kisukuma hakichanganyi. *Ng'oma* ni chombo; *kubina* ni kucheza; *mbina* ni utendaji wenyewe. Tunaposema kwa Kiswahili kwamba Wasukuma wana "ngoma", tunaufuta mpaka ambao lugha yao imeuweka.

Kwa mujibu wa masimulizi ya Wasukuma, katikati ya karne ya 19 walitokea wachezaji wawili mahiri, Ngika na Gumha, waliobishana ni nani bingwa. Wakashindana, kila mmoja na dawa zake na wafuasi wake. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu. Vyama hivyo viwili vimeendelea hadi leo, na mtu huingia katika kimojawapo kama mtu wa mjini anavyoingia katika ushabiki wa timu ya mpira, ila hapa kuna miiko na dawa za kurithishana.

Msimu ni baada ya mavuno, hasa Juni hadi Agosti, pamba na nafaka zinapokuwa zimetoka shambani na jua halijawa kali mno. Makundi mawili huingia uwanja mmoja na kuanza kwa wakati mmoja. Hakuna zamu wala jopo la waamuzi wenye kalamu. Watazamaji ndio mizani: kundi linalovuta umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini katika uwanja wa mbina hata aliye kwao hana dhamana. Mashabiki wake wakisikia kicheko upande wa pili, miguu yao itawasaliti.

Kwa kuwa umati ndio ushindi, kila njia ya kuuvuta imekuzwa ikawa stadi. Kiini ni *ning'i*, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, ambaye wingi wake ni *baning'i*. Yeye hujigamba, humkejeli mpinzani, hutoa habari za mwaka, huonya na kuliwaza. Nyuma yake wamo waitikiaji, wapiga ngoma, na wachezaji wenye njuga miguuni. Viko pia vivutio vya macho: majembe yanayozungushwa na kurushwa, nyoka hai, na sanamu za mbao, baadhi zikiwa na viungo vinavyochezeka, zinazotolewa ghafla ili waliokuwa wakiondoka warudi. Tena iko dawa, inayojulikana kama *samba*, inayoaminiwa kumvutia mtu watazamaji. Nawaomba wanafunzi wasiikimbie dawa hiyo kwa kuwa haimo katika vitabu vya nadharia. Imani juu ya *samba* inabeba swali ambalo kila nadharia ya maonyesho hulikabili: ni kitu gani kinachomfanya mtu asimame na kutazama?

Aina za mbina ni nyingi, na nyingi zimezaliwa na kazi. *Bugobogobo* ni mbina ya jembe, iliyotokana na vikundi vya vijana waliolima pamoja kwa mdundo. *Wigaashe* huchezwa watu wakiwa wameketi kwa safu, mwili wa juu ukiyumba pamoja na sauti; jina lenyewe linatokana na kuketi. Wawindaji wa nungunungu walikuwa na mbina zao, washika nyoka wa chama cha Bayeye walikuwa na zao, na misafara iliyokwenda kuchota chumvi Ziwa Eyasi iliimba njia nzima. Utajiri huo umekusanywa na watafiti mbalimbali. Hans Cory aliacha hazina kubwa ya maandishi inayohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Elias Songoyi aliwachunguza katika miaka ya 1980 waimbaji Kalikali na Mwinamila kwa kuuliza msanii anahusiana vipi na dola. Frank Gunderson alichapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma.

Kanisa nalo liliusikia mvuto wa uwanja. Katika miaka ya 1950, Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alijenga misheni ya Bujora, karibu na Mwanza, kwa umbo lililochukua alama za utemi. Sikukuu ya Ekaristi, inayojulikana huko kama *Bulabo*, ikawa pia siku ya Bagika na Bagalu kukutana uwanjani. Padri huyo alitambua kwamba mtu anayetaka kusikilizwa Usukumani hana budi kwanza kujua umati umesimama wapi.

4. Pingamizi: je, mbina ina kisa?

Mhakiki makini atanipinga hapa. Atasema: *xiqu* ina kisa chenye mwanzo na mwisho, ina Dou E na hakimu wake, ina wahusika ambao mwigizaji si wao. Mbina haina kisa cha namna hiyo. Je, si kweli basi kwamba ni ngoma tu?

Pingamizi hili ni zito, nami sitalikwepa kwa kudai kwamba mbina ni opera. Si opera. Ni kweli kwamba mbina nyingi hazifuati msuko mrefu. Lakini tuulize: msuko ni wa nini? Katika tamthilia, msuko huleta mgogoro, na mgogoro humfanya mtazamaji atake kujua mwisho. Katika mbina mgogoro upo, tena hauigizwi, ni wenyewe. Pande mbili zinataka kitu kimoja, ambacho ni umati uleule, na hakiwezi kugawanywa. Kuna kupanda na kushuka, kuna hila, kuna kilele pale upande mmoja unapobaki na ngoma zake na vumbi lake, na kuna utatuzi ambao hakuna aliyeuandika. Hata mhusika yupo. *Ning'i* anayejigamba uwanjani kwamba yeye ni simba wa nchi nzima si yule jirani aliyekuja jana kuazima baiskeli. Amevaa nafsi nyingine, na hadhira inajua hivyo, ndiyo maana hakuna anayemshitaki kwa majivuno.

Hapa pana tofauti kubwa ya sanaa hizi, nayo inastahili kufundishwa. *Xiqu* imeweka nguvu yake katika ukamilifu wa kilichorithiwa: mtazamaji anajua kisa na anapima utendaji. Mbina imeweka nguvu yake katika upya: wimbo uliokwisha kusikika msimu uliopita hauvuti mtu. Mwigizaji wa Beijing hushindana na walimu wake waliomtangulia. *Ning'i* hushindana na mtu anayemwona kwa macho, ng'ambo ya uwanja, wakati huohuo.

Tena tusidhani kwamba ushindani huu ni wa bara pekee. Pwani nayo ilikuwa na malumbano ya mashairi siku za Muyaka, na baadaye beni ya Marini na Arinoti. Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1990, vikundi vya Muungano na Tanzania One Theatre vilipigana vijembe vya mipasho mbele ya kumbi zilizojaa, na usiku mmoja ulichanganya taarabu, ngoma, maigizo na sarakasi. Mtu aliyelelewa uwanja wa mbina angekaa katika ukumbi ule bila kuhitaji maelezo.

5. Njia mbili za kukutana

Je, sanaa ya China na yetu zimewahi kukutana? Zimekutana kwa njia mbili, na njia zote mbili zilipitia mbali.

Ya kwanza ni ya mwili. Katika miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, na waliporejea ndio waliokuwa msingi wa kikundi cha taifa cha sarakasi kilichoanzishwa mwaka 1969. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na sarakasi ikawa miongoni mwa masomo yake. Tulipokea stadi ya *da*, lakini tuliipokea peke yake, bila wimbo, bila kunena, bila kisa. Ni kama mtu aliyealikwa karamuni akarudi na sahani.

Ya pili ni ya nadharia. Mwaka 1935 mwigizaji mkuu wa opera ya Kibeijing, Mei Lanfang (1894–1961), aliyekwisha zuru Japani mwaka 1919 na Marekani mwaka 1930, alifanya maonyesho Moscow. Miongoni mwa waliomtazama alikuwa Mjerumani Bertolt Brecht. Alichokiona kwa mwigizaji huyo kilimsaidia kueleza nadharia yake ya ukengeushi: mwigizaji aonyeshe kwamba anaonyesha, na mtazamaji asilewe bali afikiri. Miaka mingi baadaye, Ebrahim Hussein wetu alisoma Berlin ya Mashariki, akaandika tasnifu yake juu ya maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika Mashariki, na wahakiki wamezoea kuitaja athari ya Brecht katika kazi zake. Hivyo wazo lilitoka Beijing, likapita Moscow na Berlin, likafika Dar es Salaam, nasi tukalipokea kama jambo jipya la Kizungu. Wakati wote huo, *baning'i* wa Shinyanga walikuwa wakisimama mbele ya umati wakionyesha kwamba wanaonyesha.

Wapo waliolitambua hilo mapema. Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, pamoja na wenzao, waliendesha mwaka 1982 na 1983 mradi wa sanaa ya maonyesho kwa maendeleo huko Malya, wilayani Kwimba, wakianza na aina za utendaji ambazo watu wenyewe walikuwa nazo. Huo ulikuwa mlango. Swali ni kwa nini sisi wa taaluma ya lugha hatujaingia vya kutosha.

6. Hali ya leo katika ukanda wa dhahabu

Nimesema kwamba suala hili si la istilahi tupu. Naomba mtazame ramani. Geita ilikuwa nchi ya Wazinza, Walongo na Wasumbwa. Wasukuma walihamia kwa wingi katika karne ya 20, wakibeba ng'ombe, mbegu za pamba na mbina zao. Kisha ikaja dhahabu kwa kiwango kipya: mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009 hadi uchimbaji wake ulipokoma. Pembeni yake wako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko, ambako rashi moja huweza kuwakusanya watu wa makabila kumi katika juma moja.

Katika makazi ya namna hiyo mambo mawili hutokea. Kwanza, lugha ya uwanja hubadilika. *Ning'i* anayetaka kuuvuta umati wa wachimbaji hawezi kukejeli kwa Kisukuma cha ndani ambacho nusu yao hawakielewi. Huchanganya Kiswahili, au huimba kwa Kiswahili kabisa. Wako wanaolia kwamba huo ni uharibifu. Mimi naona ni pande mbili. Fumbo lililosukwa kwa toni na tungo za Kisukuma hufa likihamishwa, na hasara hiyo hailipiki. Lakini upande wa pili Kiswahili kinapata ushairi mpya kutoka midomoni mwa watu wanaoshuka madurani, na sisi wahakiki wa Kiswahili hatuusomi kwa sababu haukupita kwenye vina na mizani tunavyovijua.

Pili, uwanja wenyewe unapungua. Nyimbo zinarekodiwa, video zinasambazwa kwa simu, na msanii wa kijijini anasikika hadi Dar es Salaam. Hilo ni jema kwa mfuko wake. Lakini tazameni video hizo kwa makini: kuna kundi moja tu. Ng'ambo ya uwanja pamekaa kamera. Mpinzani ameondolewa, na pamoja naye umati unaohama. Kilichobaki ni wimbo na uchezaji bila shindano lililovizaa. Kijana wa Geita anayeijua mbina kwa simu pekee atasema, kwa haki kabisa, kwamba ni ngoma tu. Atarudia jibu langu la mtihani.

China nayo ina funzo la hatari. Katika Mapinduzi ya Utamaduni, kuanzia mwaka 1966 hadi 1976, michezo ya jadi ilizuiwa, na jukwaa likaachiwa idadi ndogo ya kazi za "mfano" zilizoidhinishwa. Sanaa ilinusurika, kwa sababu mojawapo kwamba walimu waliobaki hai waliweza kutaja walichokijua kwa majina na kukirithisha. *Kunqu* ilitangazwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa binadamu, na opera ya Kibeijing ikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2010. Hata hivyo, kuorodheshwa hakujazi viti, na tatizo la watazamaji vijana kupungua linaisumbua sanaa hiyo pia.

Leo Wachina tunao karibu kuliko wakati wowote. Makampuni yao yalijenga daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025 na kuifungua njia ya Geita. Ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, uliozinduliwa mwaka 2021, ulikabidhiwa kwao. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilituonyesha tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake ikizungumza Kiswahili, na watu wakaipenda. Tunabadilishana madaraja, reli na tamthilia za runinga. Hatujabadilishana bado yale ambayo kila upande unayafahamu kwa ndani zaidi.

7. Hitimisho: tuanzie kwenye majina

Napendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wa taaluma yetu.

La kwanza ni istilahi. Kiswahili si maskini: kamusi zetu zina *manju*, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, zina *sogora*, bingwa wa kupiga ngoma, zina *malenga*. Tumeyaacha maneno hayo yalale, huku tukifundisha "mwigizaji" na "mwanamuziki" kana kwamba ni watu wawili. Tuyaamshe. Na pale ambapo pwani haina neno, tuchukue la bara: *mbina*, *ning'i*, *samba*, *wigaashe*. Kiswahili kimeazima kutoka Arabuni, Uajemi, Ureno na Uingereza bila kuona haya. Kuazima kutoka Shinyanga hakuwezi kuwa aibu.

La pili ni mbinu ya ukusanyaji. Anayekwenda kurekodi mbina asirekodi upande mmoja. Aweke kinasa kwa kila kundi, na cha tatu kwa umati. Wimbo wa kejeli usio na jibu lake ni nusu ya andiko, na umati uliohama ni maoni ya mhakiki ambayo hayapatikani mahali pengine.

La tatu ni mtaala. Mwanafunzi wa fasihi asome *xiqu* pamoja na mbina, na azisome zote mbili pamoja na Hussein na Brecht, ili aone kwamba historia ya jukwaa haianzii Athens na kuishia London. Akiulizwa asili ya tamthilia Afrika Mashariki, awe na uhuru wa kuuliza kwanza: tunaita nini tamthilia, na nani aliyechagua jina hilo?

Mwalimu aliyenipa alama zote hakuwa na kosa la peke yake. Alitumia maneno aliyopewa, nami nikayatumia, na maneno hayo hayakuwa na nafasi ya uwanja wa Kahama ndani yake. Wako katika ukumbi huu wanafunzi ambao watakuwa walimu mwakani, na baadhi yao watapangiwa Msalala, Mbogwe, Bukombe au Nyang'hwale. Nawaomba, kabla ya kumfundisha mtoto wa huko kwamba kwao hakuna sanaa za maonyesho, wamuulize Julai watu huwa wanakwenda wapi, na waende naye.